Kurasa kumi na moja bila namba: kisa cha karakana ndogo iliyowania zabuni ya kaunti

Kampuni changa ya useremala na uchomeleaji katika mojawapo ya majiji ya Kenya iliwania mara mbili zabuni ya serikali ya kaunti ya kutengeneza samani za chekechea. Mara ya kwanza iling'olewa katika hatua ya mwanzo ya tathmini ilhali bei yake ndiyo iliyokuwa ya chini kuliko zote. Mara ya pili ilishinda, ikafanya kazi na ikalipwa, lakini ikabaki na nusu hivi ya faida iliyotarajia. Majina, jiji na alama za kumtambulisha mtu yeyote zimeondolewa, na tarakimu za fedha zimesogezwa kidogo bila kuvunja uwiano wake.

Usuli

Wenye kampuni ni wawili, kijana wa kiume na mwenzake wa kike, wote chini ya miaka 35. Wana mafundi sita, mashine mbili za kuchomelea, msumeno wa meza na kibanda cha kupulizia rangi. Kwa miaka miwili wateja wao walikuwa watu wa nyumbani na shule tatu za binafsi. Mauzo yao yalikuwa kama shilingi milioni 2.6 kwa mwaka.

Elimu ya chekechea ni kazi ya kaunti tangu Katiba ya 2010, kwa hiyo viti na meza za watoto hao hununuliwa na kaunti, si Wizara ya Elimu. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inataka asilimia 30 ya ununuzi itengwe kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, utaratibu unaojulikana kwa jina la AGPO. Cheti chake hakilipiwi. Anayetaka kukupatia kwa ada anakuuzia fomu ya bure. Kampuni hustahili iwapo angalau asilimia 70 ya umiliki iko mikononi mwa kundi husika na uongozi wote ni wa kundi hilo. Hawa wawili walikuwa na asilimia 100, wakapata cheti cha kundi la vijana.

Walikuwa pia na hati ya usajili wa kampuni, CR12 (orodha rasmi ya wakurugenzi na wenye hisa), PIN ya mlipakodi, cheti cha kutodaiwa kodi cha KRA, mamlaka ya mapato, na leseni ya biashara ya kaunti. Kwa ufupi, kwenye karatasi walikuwa wanastahili kabisa, na hapo ndipo walipodhani kazi kubwa imekwisha.

Zabuni ya kwanza, Agosti 2023

Tangazo lilikuwa la viti 400 na meza 100, likiwa limetengewa vijana. Walinukuu kiti kwa 3,650 na meza kwa 9,900, jumla 2,450,000. Zabuni zilipofunguliwa, bei sita zilisomwa na yao ilikuwa ya chini kuliko zote. Walirudi karakana wakiwa na hakika.

Wiki tatu baadaye barua ilifika kwamba zabuni imekwenda kwa kampuni nyingine, kwa 2,890,000. Pengo la 440,000. Kauli ya kwanza karakana nzima ilikuwa ile ile isikikayo kila mahali: tenda imeliwa.

Walifanya jambo moja la busara kabla ya kulalamika mitandaoni: waliisoma barua mpaka mwisho. Kifungu cha 87 cha sheria kinamlazimu mnunuzi amweleze aliyekosa kwa nini amekosa. Sababu ilikuwa mstari mmoja, kwamba zabuni haikuwa na namba mfululizo katika kurasa zote kama lilivyotaka sharti la lazima namba 9.

Walitoa nakala yao wenyewe wakaihesabu. Kurasa 1 hadi 86 zilikuwa na namba. Nyuma yake kulikuwa na michoro ya viti, picha za kazi walizowahi kufanya na taarifa ya benki, jumla kurasa 11, zilizoingizwa usiku wa mwisho baada ya mhuri wa namba kuwekwa kando. Zote zilikuwa tupu pembeni.

Waliamua nini, na kwa nini

Mlango wa rufaa ulikuwa wazi. Asiyeridhika ana siku 14 za kupeleka ombi mbele ya bodi ya rufaa za zabuni, PPARB, nayo bodi ina siku 21 za kuamua. Katika siku hizo 14 mkataba hauruhusiwi kutiwa sahihi. Wakili waliyemuuliza aliwapa hoja moja tu ya kusimamia, nayo ni kifungu cha 79, kinachosema zabuni haiharibiwi na kasoro ndogo isiyogusa kiini. Upande wa pili kulikuwa na kifungu cha 74, ambacho kinataja namba za kurasa miongoni mwa mambo ya kuwamo katika mwaliko wa zabuni, na nyaraka yenyewe ilikuwa imeandika sharti hilo kwa herufi kubwa. Ada ya rufaa, ada ya wakili na wiki za kusubiri vilikuwa vizito kuliko hoja. Waliacha.

Ulikuwa uamuzi sahihi, na si kwa sababu ya uoga. Rufaa hufaa pale mnunuzi alipotumia kigezo kisichokuwamo katika nyaraka, au alipomtupa mmoja kwa kosa alilomsamehe mwingine. Hapa kigezo kilikuwamo. Watu wengi huuliza kwa nini karatasi ya picha ya kiti itupe nje bei nafuu. Jibu ni kwamba namba za mfululizo ndizo zinazozuia ukurasa kuchomolewa au kuchomekwa baada ya sanduku kufunguliwa. Mzabuni mdogo asiye na mtu ndani ya ofisi ndiye anayelindwa zaidi na sharti hilo, hata kama siku hiyo ndiye lililomuumiza.

Walibadilisha namna ya kugawana kazi. Mmoja angeandaa zabuni, mwingine asiiguse hadi siku mbili kabla ya kufunga, kisha aisome kama mjumbe wa kamati ya tathmini, akiwa na orodha ya masharti ya lazima pekee mkononi na akiandika kando ya kila sharti namba ya ukurasa linapotimizwa. Asipopata ukurasa, sharti halijatimizwa, hata mwenzake aape.

Zabuni ya pili, Novemba na Desemba 2023

Kaunti ilitangaza tena: viti 480 na meza 120 kwa vituo 24 vya chekechea, samani zifikishwe vituoni ndani ya siku 60 tangu LPO, yaani hati ya agizo la ununuzi, itolewe. Mwisho wa kuwasilisha ulikuwa 5 Desemba saa nne asubuhi.

Mambo manne yalijitokeza katika maandalizi, na kila moja lingeweza kuwatoa.

La kwanza lilikuwa hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Kampuni ilikuwa na umri wa miaka miwili. Wangeweza kuacha, au kuambatisha za miaka miwili na kuomba dua. Badala yake waliandika barua ya kuomba ufafanuzi wiki ya kwanza ya tangazo, wakaeleza kwamba zabuni iliyotengewa vijana ikidai miaka mitatu inawafungia nje walewale iliyotengewa. Kaunti ilitoa nyongeza ya nyaraka kwa wazabuni wote, ikakubali taarifa za benki za miezi 12 kwa kampuni changa. Barua kama hiyo haina gharama, ila ina muda wake: nyaraka husema siku ya mwisho ya kuuliza, nayo hupita mapema kuliko siku ya kufunga.

La pili, cheti cha kodi kilikuwa kinaisha 30 Novemba, siku tano kabla ya kufunguliwa. Mfumo wa KRA wa mtandaoni, iTax, ulikataa kutoa kipya kwa sababu ritani ya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara, haikuwasilishwa kwa mwezi mmoja. Mwezi huo mafundi walilipwa kwa kazi, hakukuwa na mshahara wa kukatwa, na hakuna aliyekumbuka kwamba hata sifuri huwasilishwa. Adhabu ililipwa, cheti kikatoka baada ya siku sita. Wangegundua Desemba mosi, wangekuwa wamechelewa.

La tatu ni dhamana. Zabuni za kawaida hudai dhamana ya benki isiyozidi asilimia 2 ya thamani. Zabuni zilizotengewa makundi haya hazidai; mzabuni hujaza fomu ya tamko la dhamana, kwamba akijitoa baada ya kushinda atazuiwa kushiriki kwa muda. Fomu hiyo ilikuwa ukurasa mmoja katikati ya nyaraka za kurasa 70, na waliiona tu kwa sababu ya orodha. Zabuni isiyo na tamko hilo hutupwa kama ile isiyo na dhamana ya benki.

La nne lilipatikana na msomaji wa pili. Jedwali la bei lilisema kiti 4,150, meza 11,200:

480 × 4,150 = 1,992,000
120 × 11,200 = 1,344,000
Jumla 3,336,000

Lakini fomu ya zabuni, ile yenye sahihi na mhuri, ilikuwa na 3,363,000. Tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Kwa kifungu cha 82, bei iliyosomwa siku ya ufunguzi ni ya mwisho, haisahihishwi wala haijadiliwi. Bei mbili katika bahasha moja ni sababu tosha ya kukataliwa, na kama ingepita, wangefungwa na ile iliyosomwa. Fomu iliandikwa upya, na safari hii kiasi kwa maneno kiliandikwa kwanza, kisha tarakimu zikanakiliwa kutoka humo.

Kuhusu kurasa, utaratibu wao mpya unastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo kwa sababu hapa ndipo wengi huharibu. Nyaraka zote zilipangwa mezani katika mpangilio wa mwisho, pamoja na karatasi za rangi za kutenganisha sehemu. Ukurasa wa nyuma uliokuwa na maandishi ulipewa namba yake. Mhuri wa namba wa kujizungusha ulipigwa kona ya chini kulia, kuanzia jalada, hadi 112. Baada ya hapo ndipo nakala ilipotolewa kwenye mashine, ili nakala na halisi ziwe na namba zilezile. Kisha zikashonwa na kubandikwa mgongo. Nyaraka ilikataza faili za pete na za kuchomoa. Zikishabandikwa haziingizwi kitu tena. Mmoja wao alipokumbuka barua ya pongezi kutoka shule moja ya binafsi, ilibaki mezani.

Waliwasilisha muda mfupi kabla ya saa tatu, wakakaa hadi ufunguzi, wakatia sahihi kitabu cha mahudhurio, wakaandika bei za wote pamoja na idadi ya kurasa iliyosomwa kwa kila zabuni. Wao walikuwa wa pili kwa bei. Wa chini yao alikuwa na 3,090,000, naye alikwama katika hatua ya awali.

Kati ya ushindi na LPO

Katika wiki hizo za tathmini, wajumbe wawili walikuja karakana bila taarifa ndefu kuona kama mashine zilizoandikwa zipo. Zilikuwapo. Kampuni za mkobani, zisizo na karakana wala mashine, hufa hapa.

Barua ya ushindi ilifika mwanzoni mwa Januari 2024, wiki ambayo shule zilikuwa zinafungua. Kabla siku 14 hazijapita, simu iliingia kutoka idara.

"Ndugu yangu, watoto wanakaa chini. Leteni hata viti mia mbili, karatasi tutazimaliza mbele kwa mbele."

"Mkubwa, nakusikia. Mafundi wapo. LPO ikitoka asubuhi, jioni tunaanza kukata chuma."

Hakukuwa na ubaya katika simu ile, watoto walikuwa kweli wanakaa sakafuni. Lakini bidhaa iliyopokelewa kabla ya mkataba na LPO haina mahali pa kuingia katika mfumo wa malipo wa IFMIS, na afisa aliyepiga simu akihamishwa, hakuna karatasi inayosema aliomba. Wako wafanyabiashara wenye madai ya miaka kadhaa yaliyoanza kwa simu ya namna hiyo. Waliamua kukataa kwa upole na kungoja. Mkataba ulitiwa sahihi mwishoni mwa Januari. LPO ilikuwa na tarehe 8 Machi.

Kazi, chuma chembamba na mvua

Kiti kilitakiwa kiwe na kikalio cha kimo cha milimita 300, fremu ya chuma mraba cha 20 kwa 20 chenye unene wa milimita 1.5, kikalio na mgongo wa plaiwudi ya milimita 12, pembe zote zimeviringwa. Kiti kimoja kilikula mita 3.6 za chuma. Viti 480 ni mita 1,728, yaani vipande 288 vya mita 6, wakaagiza 305 kwa ajili ya vipande vinavyobaki vikiwa vifupi.

Walitengeneza kiti cha mfano na meza moja, wakaomba idara ivikague na kutia sahihi kwenye picha na vipimo. Mfano ulirudishwa mara moja kwa sababu ukingo wa plaiwudi uliacha vibanzi kidoleni. Wakaupiga msasa, wakaziba kwa vanishi mbili, ukapita.

Kisha wakanunua chuma cha jumla. Baada ya viti 40 vya kwanza, mkaguzi wa kaunti alipita karakana, akatoa kaliperi, kifaa cha kupimia unene, mfukoni, akabana mguu wa kiti: 1.2. Akabana cha pili: 1.2. Duka lilikuwa limewauzia chuma cha geji 18 (milimita 1.2) kwa bei na jina la geji 16 (milimita 1.5). Tofauti ya milimita 0.3 jicho haliioni, na rangi ikishapulizwa ndiyo kabisa. Viti 40 vilikataliwa. Duka lilibadilisha chuma ambacho hakijakatwa kwa sababu ankara ilitaja unene. Kingeandikwa "chuma 20×20" tu, wangebaki nacho. Viti vilivyokataliwa viliuzwa kwa shule za binafsi kwa bei ya chini, na hasara iliyobaki ilikuwa 46,000. Kaliperi ya plastiki ya shilingi mia chache ilinunuliwa siku hiyohiyo. Sasa inaning'inia kwenye mlango wa stoo na kila kipande cha chuma hupimwa kabla ya kushushwa garini.

Siku 60 za LPO zilikuwa zinaisha 7 Mei. Viti vilikuwa tayari mwishoni mwa Aprili, lakini vituo vilikuwa vimefungwa kwa likizo, na mafuriko ya mwaka huo yakaahirisha kufunguliwa kwa shule hadi 13 Mei. Mtu anaweza kuvishusha viti getini kwa mlinzi. Shida ni sahihi: hati ya kupokea bidhaa isiyotiwa sahihi na mkuu wa kituo haitamsaidia mtu siku ya kudai. Tarehe 30 Aprili, wiki moja kabla ya muda kuisha, waliandika barua ya kuomba muda hadi 24 Mei, wakieleza sababu. Wakajibiwa kwa maandishi. Waliosubiri muda upite ndipo waandike huwa wanaomba msamaha, si muda, na fidia ya kuchelewa huanza kuhesabiwa.

Upakuaji ulikwenda kuanzia 13 hadi 22 Mei. Kila kituo kilitia sahihi na mhuri hati tatu: moja ya kituo, moja ya kampuni, moja ya kamati ya ukaguzi na mapokezi. Ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, ilitolewa 23 Mei.

Malipo

Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa 30 Juni. Ankara iliyoingia wiki ya nne ya Mei ilikuta foleni ndefu ya madai ya mwisho wa mwaka. Kwa kaunti, fedha haitoki kwa idara kutaka tu: lazima Msimamizi wa Bajeti aidhinishe kutolewa kwake kutoka mfuko wa mapato wa kaunti, na Hazina iwe imetuma mgao. Mgao wa 2024 ulikuwa na mvutano wake katika Bunge la Taifa na Seneti. Tarehe 30 Juni ilipita, dai likawa miongoni mwa madeni ya mwaka uliopita, likahitaji kuingizwa upya katika bajeti mpya.

Sheria inamkataza mnunuzi kuanza ununuzi kabla ya fedha kutengwa. Bajeti, hata hivyo, ni kibali cha kutumia. Haimaanishi hela ziko benki.

Waliripoti ofisini kila baada ya wiki mbili wakiwa na jalada moja lenye nakala za kila kitu, na mara mbili karatasi iliyodaiwa kupotea ilitolewa humo papo hapo. Fedha iliingia 8 Novemba 2024.

Hesabu ya mwisho

Makadirio yalikuwa haya: malighafi 1,740,000, mafundi 480,000, usafiri wa vituo 24 kwa 5,500 kila kimoja, 132,000, umeme, kodi ya karakana na uchakavu 90,000, uchapishaji na ushonaji wa zabuni 14,500, riba ya mkopo wa 900,000 kwa asilimia 2.5 kwa mwezi kwa miezi mitatu, 67,500. Jumla 2,524,000, na faida ya 812,000 kabla ya kodi ya mapato. Hiyo ni asilimia 24 ya bei.

Kilichotokea: viti vilivyokataliwa vilikula 46,000. Mkopo ulikaa miezi minane badala ya mitatu, riba ikawa 180,000, yaani 112,500 zaidi. Halafu VAT, kodi ya ongezeko la thamani.

Kizingiti cha kujisajili kwa VAT ni mauzo ya shilingi milioni 5 ndani ya miezi 12, yaliyofikiwa au yanayotarajiwa. Mauzo ya kawaida ya 2.6 na mkataba wa 3.336 ni karibu milioni 6. Mhasibu wao wa muda aliliona hilo Machi, LPO ikiwa mezani, wakajisajili kabla ya kununua malighafi. Lakini bei ya zabuni huhesabiwa kuwa imebeba kodi zote, na haibadiliki. Kwa hiyo asilimia 16 ilitoka ndani ya bei ileile: 3,336,000 × 16/116 ni 460,000 hivi. Kwa kuwa malighafi zote zilikuwa na ankara za eTIMS, walirejesha 240,000 za VAT waliyoilipa madukani. Pengo lilikuwa 220,000.

Na lilikuwa la kulipwa mapema. VAT ya Mei hudaiwa kufikia 20 Juni, kaunti iwe imelipa au haijalipa. Walitoa 220,000 Juni kwa fedha ambazo wangezipokea Novemba. Kaunti ilipolipa, ilizuia asilimia 2 ya thamani kama VAT ya zuio, ile inayokatwa na mnunuzi na kupelekwa KRA, kama 57,500, ambayo kwao iligeuka kuwa salio la mbele kwa KRA kwa kuwa walishalipa.

Faida iliyobaki ilikuwa 433,500, asilimia 13.

Uchambuzi

Kilichowapa ushindi ni msomaji wa pili. Ushahidi uko kwa mshindani wa 3,090,000 aliyeanguka palepale walipoanguka wao Agosti. Katika zabuni ndogo zilizotengewa makundi, bei hufikiwa na wachache waliobaki baada ya hatua ya awali, na mara nyingi wachache hao ni wawili au watatu. Kupunguza bei ili "kuwa salama" bila kumaliza karatasi ni kujipunja bila faida.

Kuomba ufafanuzi kwa maandishi ndiyo hatua iliyozaa zaidi kwa gharama ndogo zaidi, na ndiyo inayoogopwa zaidi, kwa dhana kwamba anayeuliza anaonekana msumbufu. Nyongeza ya nyaraka huenda kwa wote bila kutaja aliyeuliza.

Sasa tuirudie ile zabuni ya Agosti. Tukiipitisha katika jedwali la gharama la pili, kiti cha 3,650 na meza ya 9,900 vilikuwa havina usafiri wa vituoni, havina riba, na havina VAT. Malighafi na ufundi kwa idadi ile vingekuwa kama 1,850,000, usafiri na gharama za karakana vikiongezwa inapita milioni 2 kidogo, na malipo yangechelewa vilevile. Pamoja na kodi, wangefanya kazi ya miezi miwili kwa faida ya mshahara wa fundi mmoja, au pungufu. Kurasa 11 ziliwakosesha zabuni ambayo hawakuwa wameipigia hesabu.

Kosa kubwa la pili ni VAT, na halikuwa la KRA wala la kaunti. Swali la kujiuliza kabla ya kujaza bei ni: nikishinda, mauzo yangu ya miezi 12 yatavuka milioni 5? Jibu likiwa ndiyo, bei ijengwe ikiwa na VAT ndani tangu mwanzo. Kwa kisa hiki, kuongeza 220,000 pamoja na VAT yake yenyewe, jumla 255,200, kungepeleka bei hadi 3,591,200. Zabuni ya tatu kwa bei siku ile ilikuwa 3,610,000, kwa hiyo wangeshinda bado. Tangu 27 Desemba 2024 kuna pia zuio la nusu asilimia la kodi ya mapato kwa bidhaa zinazouziwa taasisi za umma. Ni dogo, lakini hukatwa katika fedha ya kwanza inayoingia, kwa hiyo nalo liwe kwenye jedwali.

Muda wa kusubiri ndio uliopangwa vibaya zaidi. Miezi mitatu ilikuwa matumaini. LPO iliyotoka Machi kwa kazi ya siku 60 hutua mlangoni mwa Juni, na mtu yeyote aliyewahi kuiuzia kaunti anajua ankara ya Mei huvuka mwaka. Walikuwa na nafasi ya kugawa uwasilishaji: vituo 12 vya kwanza mwanzoni mwa Aprili kabla ya shule kufungwa, na ankara ya sehemu kama mkataba ulivyoruhusu. Nusu ya fedha ingekuwa na nafasi nzuri ya kulipwa kabla ya 30 Juni. Mkataba uliruhusu. Hawakuisoma ibara hiyo kwa jicho la malipo. Waliisoma kwa jicho la kuwasilisha.

Kuhusu riba ya malipo yaliyochelewa, kifungu cha 140 kinamruhusu mzabuni kuidai isipokuwa mkataba useme vingine. Hawakudai, wakihofia kuharibu uhusiano. Ni hofu inayoeleweka, ila ina bei: kwao ilikuwa zaidi ya shilingi laki moja ya riba ya benki waliyoibeba peke yao. Njia ya kati ambayo hawakuijaribu ni kuandika barua ya kukumbusha inayotaja kifungu bila kudai kiasi. Barua hiyo huingia jaladani, na wakati wa kupanga madeni ya kulipwa kwanza, jalada lenye barua halifanani na lisilo nayo.

Mwaka 2025 serikali ya kitaifa ilianza kuzisukuma taasisi zote, kaunti zikiwamo, kuhamia mfumo wa zabuni wa kielektroniki, hatua iliyozua kesi mahakamani. Mahali mfumo huo unapotumika, mhuri wa namba unapoteza kazi yake. Lakini makosa ya cheti cha kodi kilichoisha, tamko la dhamana lisilojazwa na bei mbili zisizofanana yanabaki palepale.

Kampuni ilirudi kwenye zabuni ya tatu ikiwa na jedwali la gharama lenye mistari mitatu mipya: VAT, zuio, na riba ya miezi tisa. Bei ya kiti ilipanda hadi 4,720. Karatasi hiyo imebandikwa ukutani juu ya meza ya kuandalia zabuni, kando yake orodha ya masharti ya lazima ikiwa na safu tupu ya namba za kurasa.